Njaa ya Kiangazi: Nzi wa Maua katika Mashamba ya Luberizi

Katika mashamba ya Luberizi kuna makundi mawili ya nzi wa maua, na katika utoto wao hawafanani kwa lolote. Kundi la kwanza huanguliwa juu ya jani la mharagwe, katikati ya vidukari, na buu hukua kwa kuwala vidukari hao mmoja baada ya mwingine. Kundi la pili huanguliwa katika maji machafu: mferejini, pembeni mwa jaruba la mpunga, kwenye shimo la samadi, hata chooni. Wakishaota mbawa, wote huacha chakula kilichowalea na kukimbilia maua. Humo hutafuta vitu viwili, nekta ya kuwapa nguvu za kuruka na chavua ya kukomaza mayai. Sukari ina njia nyingi za kupatikana, hata kwenye umajimaji mtamu unaotolewa na vidukari wenyewe. Chavua haina mbadala wa namna hiyo. Ndiyo maana nadhani, kwa bonde kama la Ruzizi, kalenda ya nzi hawa haiamuliwi na mvua peke yake wala na wingi wa vidukari peke yake. Huamuliwa na wiki zile ambazo chavua inakosekana, na nyingi katika wiki hizo tunazitengeneza wenyewe kwa panga na jembe.

Luberizi iko kwenye barabara ya taifa namba 5, kati ya Sange na Luvungi, katika teritwari ya Uvira. Magharibi milima inapanda kuelekea Lemera na nyanda za juu za Itombwe. Mashariki uko mto Ruzizi, mpaka na Burundi, unaoteremka hadi Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari. Bonde lina joto zaidi na ukavu zaidi kuliko milima inayolitazama. Mvua huanza Septemba au Oktoba na kukatika Mei. Juni, Julai na Agosti ni kiangazi kamili. Wakulima huugawa mwaka katika saizoni A inayoanza na mvua za Septemba, saizoni B inayoanza Februari, na saizoni C ya kiangazi kwa wenye mashamba ya bondeni au karibu na maji. Mito inayoshuka milimani huelekezwa kwa mifereji hadi kwenye mpunga, kwa hiyo kiangazi cha hapa kina sura mbili: huku udongo umepasuka, na hatua mia moja mbele vyura wanalia. Sura hizo mbili ndizo chanzo cha karibu yote nitakayosema.

Kwanza tumtambue mwenyewe, maana wengi humwona kila siku bila kumjua. Nzi wa maua huvaa mistari ya manjano na nyeusi ya nyigu, au manyoya ya kahawia ya nyuki, na kwa udanganyifu huo ndege humwepuka. Mwiba hana. Nyuki na nyigu wana jozi mbili za mbawa, yeye ana moja. Macho yake yamejaa kichwa, na vipapasio ni vifupi mno. Zaidi ya yote, tazama anavyoruka: husimama hewani mbele ya ua bila kusogea, kisha huchupa kando ghafla. Familia yake, Syrphidae, ina spishi zaidi ya 6,000 duniani, na Afrika ya kusini mwa Sahara ina mamia kadhaa. Mwitalia Mario Bezzi aliziandikia za Afrika kitabu kizima mwaka 1915, na vielelezo vingi vilivyokusanywa Kongo wakati wa Wabelgiji vimehifadhiwa mpaka leo katika jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels. Nzi anayetua kwenye ua la boga lako huenda alipewa jina la kisayansi na mtu ambaye hakuwahi kuiona Ruzizi.

Miongoni mwa wala vidukari walioenea Afrika yupo Ischiodon aegyptius, mwembamba mwenye mistari ya manjano, na Paragus borbonicus, mdogo mweusi ambaye usipomkaribia utadhani ni kijinzi tu. Miongoni mwa watoto wa maji wapo nzi wa jenasi ya Eristalinus, ambao macho yao yana madoa au mistari kana kwamba yamechorwa kwa kalamu, na Eristalis tenax, aliyeenea karibu dunia nzima. Mabuu wa kundi hili la maji hupumua kwa mrija mrefu unaotoka nyuma ya mwili na kurefuka hadi juu ya maji, na wakionekana chooni au kwenye samadi huwachukiza watu. Buu wa mla vidukari ndiye anayeonewa zaidi. Hana miguu, hana kichwa kinachoonekana, mwili wake umechongoka mbele na ni wa kijani au wa rangi ya maziwa. Mkulima akimkuta chini ya jani humponda akidhani ni kiwavi mla majani. Buu mmoja anaweza kumaliza mamia ya vidukari kabla hajawa pupa, na kwa kuwa mabuu wengi wa aina hii hula usiku, anayekagua shamba mchana haoni kazi hiyo ikifanyika.

Sasa chavua. Nekta ni sukari ndani ya maji, nayo haijengi yai. Yai linataka protini, na majike wengi wa jamii hii hutoka kwenye pupa wakiwa na ovari changa. Asipokula chavua, jike ataruka, atatua, atapandwa, lakini atakuwa na kidogo cha kutaga. Mwaka 1989 mtafiti J. R. Haslett alichapisha kazi yake juu ya nzi wa Ulaya aitwaye Rhingia campestris na kuonyesha kwamba jike hula chavua kwa wingi wakati ovari zinakomaa, kisha hurudi kwenye nekta zaidi. Hamu ya chavua hupanda na kushuka kufuatana na hali ya tumbo la uzazi. Dume naye huila, ila kwa kiasi kidogo.

Namna anavyoila inafaa kuangaliwa kwa makini. Mdomo wa nzi ni kama sifongo yenye mifereji midogo. Huukunjua, akaugusisha kwenye ua, na punje za chavua zikapita mifereji hiyo. Mwaka 1976 Beverley Holloway wa New Zealand alieleza njia ya pili: manyoya ya mwili wa nzi kama Eristalis tenax hunasa chavua, na mdudu huichana kwa miguu na kuipeleka mdomoni. Kwa hiyo vumbi la manjano lililomganda mgongoni ni akiba ya chakula. Punje ambazo hakuzichana zikifika kwenye ua jingine, huko huitwa uchavushaji.

Ganda la nje la punje ya chavua ni gumu, halimeng'enywi. Nzi hufyonza kilicho ndani, na ganda hupita tumboni likiwa bado na umbo na nakshi za mmea wake. Mtafiti akipasua utumbo wa nzi na kuuangalia kwa darubini, atasoma nzi huyo amekula wapi asubuhi ile. Hickman, Lövei na Wratten walitumia njia hiyo New Zealand na mwaka 1995 wakachapisha matokeo yao juu ya ulaji wa chavua wa Melanostoma fasciatum. Watafiti wa nzi hawa waliwahi pia kupanda mmea wa Phacelia, ambao chavua yake haina mfanano na ya mimea ya jirani, ili wajue nzi aliyekamatwa ndani ya ngano ametoka kwenye ukanda upi wa maua. Mwaka 2003 Wratten na wenzake walionyesha kwa njia hiyo hiyo kwamba safu ya miti mirefu mpakani inaweza kuwazuia nzi kuvuka kwenda shamba la pili. Ingefaa wanaopanda mikaratusi kuzunguka mashamba walijue hilo. Tumbo la nzi lina faida nyingine: hutuambia kwamba ua ambalo anaonekana juu yake mara nyingi si lazima liwe lile linalomlisha. Matumboni mwa baadhi ya spishi hukutwa chavua nyingi ya nyasi, mimea isiyo na nekta wala rangi ya kuvutia, ambayo hakuna mtu angeiita maua.

Tukiyapita mashamba ya Luberizi kwa jicho la nzi, basi, tutaona karamu na njaa zimekaa jirani.

Mpunga ni nyasi, na chavua yake huliwa. Lakini kila kiua cha mpunga hufunguka kwa muda wa saa moja hivi, kati ya saa tatu asubuhi na adhuhuri, kisha hujifunga, na jaruba zima humaliza kuchanua kwa siku chache. Wakulima wa mfereji mmoja wakipanda kwa wakati mmoja, chavua hutokea kwa wingi, kisha huisha kwa pamoja. Mahindi ni karimu zaidi kidogo: mbelewele humwaga chavua kwa muda wa wiki moja hivi, hasa asubuhi, na wakati huo ukisimama kimya kati ya mistari utasikia mvumo juu ya kichwa. Haya mawili, mpunga na mahindi, hutoa chavua bila nekta. Nzi atashiba protini humo, lakini sukari ataifuata kwingine.

Maharagwe yamefunga milango. Ua lake linataka mdudu mzito mwenye nguvu ya kulisukuma, na ulimi mfupi wa nzi hauingii. Nalo ndilo zao linalovutia vidukari weusi kuliko karibu jingine lolote. Kwa jike wa Ischiodon, shamba la maharagwe matupu lina chakula cha watoto na halina chakula cha mama. Karanga ni vivyo hivyo, na vidukari wake, Aphis craccivora, ndio wanaoeneza ugonjwa wa rozeti unaodumaza shina. Nyanya huficha chavua ndani ya mirija inayohitaji mtikiso wa nyuki. Ndizi tunazolima hutoa nekta nyingi, ila chavua yake ni haba, kwa kuwa nyingi ni aina zisizozaa mbegu. Vitunguu huvunwa kabla ya kuchanua. Lengalenga hufaa sana ikiachwa itoe mashuke, lakini nani anaiacha? Hukatwa ikiwa changa na kupelekwa sokoni Sange au Uvira.

Walioacha milango wazi ni boga, tango na tikiti, ambayo maua yake makubwa hutoa chavua ya kutosha asubuhi, na alizeti pale inapopandwa. Huko Morogoro, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wakishirikiana na Tervuren wamewachunguza nzi wa maua kwenye mazao ya jamii hii hii, wakilinganisha mashamba yanayonyunyiziwa dawa na yale yanayolimwa kwa njia za kiikolojia. Kisha kuna mwembe, ambao nauweka peke yake kwa sababu huchanua kiangazi, na maua yake madogo ya wazi hutembelewa zaidi na nzi kuliko na nyuki. Kwa wiki kadhaa za mwaka, miembe ya bondeni ndiyo hoteli kubwa kuliko zote.

Baada ya hapo kinachobaki ni kile ambacho mkulima hukiita majani: kishona nguo, ndago, kongwe, alizeti mwitu kandokando ya barabara. Kishona nguo, Bidens pilosa, huchanua mwaka mzima mahali palipo na unyevu, na ua lake ni bapa, fupi, la wazi, kama lililopimwa kwa ulimi wa nzi. Ukijumlisha siku, naamini mimea hii isiyopandwa na mtu huwalisha nzi wa Luberizi kwa muda mrefu zaidi kuliko mazao yote.

Hapo ndipo suala la majira linapoanza kueleweka. Vitabu vingi vya nzi wa maua vimeandikwa Ulaya, na kalenda yao ni ya baridi: nzi wachache majira ya kuchipua, kilele wakati wa joto, kisha wengine hujificha na wengine huhama. Uhamaji huo si mdogo. Timu ya Karl Wotton ilitumia rada kusini mwa Uingereza na mwaka 2019 ikachapisha makadirio ya nzi kati ya bilioni 1 na bilioni 4 wanaovuka huko kila mwaka, kwenda kaskazini majira ya kuchipua na kurudi kusini majira ya vuli. Luberizi haina baridi ya kumlaza mdudu. Katika joto la bondeni kizazi kimoja, kutoka yai hadi nzi mwenye mbawa, huchukua wiki mbili au tatu, na vizazi hufuatana bila kusubiriana. Ingekuwa hesabu ya joto tu, nzi wangekuwa sawa Januari na Julai.

Lakini vidukari wana kalenda yao. Mvua kubwa huwaangusha na kuwaua. Vipindi vya ukavu huwazidisha. Ndiyo maana hufura katika mapumziko ya mvua ya Januari na Februari, na tena mvua zinapokatika Mei na Juni, maharagwe ya saizoni B yakiwa bado kijani. Kidukari jike huzaa watoto hai pasipo dume, na katika joto mtoto huwa mama kwa muda wa wiki hivi. Nzi wa maua lazima amfukuze akiwa nyuma, na atachelewa kiasi gani hutegemea majike wangapi walikuwa tayari na mayai yaliyokomaa siku vidukari wa kwanza walipotua.

Sasa mtazame nzi wetu Juni. Vidukari ni tele, yaani chakula cha watoto kipo. Mahindi ya saizoni B yamekwisha kumwaga chavua, palizi ya mwisho imefyeka kishona nguo, na kandokando ya njia nyasi zinakauka. Mawindo yamezidi wakati ule ule chavua inapopungua. Jike anayezunguka shamba lililojaa vidukari akiwa na ovari tupu hana faida kwa mkulima, hata kama kila anayemwona atasema nzi wapo. Kwa sababu hii sipendi hesabu za nzi walionaswa kwenye mtego wa beseni la manjano zinapotolewa peke yazo. Beseni humwonyesha mdudu. Ovari na utumbo wake ndivyo vitakavyosema kama ana kazi ya kufanya.

Kundi la maji lina mkasa tofauti, na kwa maoni yangu ndilo linalolitofautisha bonde na mlima. Mifereji haikauki Juni. Mpunga wa saizoni C hukaa majini, samadi ipo, madimbwi ya pembeni yamejaa majani yanayooza. Kwa hiyo nzi wa jamii ya Eristalinus huendelea kutoka majini kiangazi chote, wakiwa na njaa, na kukutana na nchi iliyopungukiwa maua. Hawa ni wakubwa na wenye nguvu, wanafika mwembeni, wanafika kwenye boga la kiangazi lililo uani kwa mama fulani, na pale ambapo mwembe au boga halipo hushindana na wadogo wala vidukari juu ya vishona nguo vichache vya ukingoni. Ukiwaona wengi pamoja kwenye ua moja mwezi wa saba, usiseme wamestawi. Pengine wamekosa pa kwenda.

Pa kwenda papo, kwa mwenye mbawa za kutosha: milimani. Kuelekea Lemera umande hudumu na mimea huchelewa kukauka. Mdudu anayeweza kuvuka bahari nyembamba ya Ulaya hashindwi kupanda mita mia kadhaa za mteremko wa Itombwe, na ni busara kuufikiria mteremko huo kama sehemu ya shamba la Luberizi. Lakini akienda, lazima arudi, na atarudi kwa kuchelewa.

Gharama ya kuchelewa huko hulipwa saizoni A. Mvua za kwanza zinapoanguka, maharagwe na mahindi huota pamoja, vidukari wenye mbawa hufika miongoni mwa wa kwanza, na nzi wa maua waliopita kiangazi kwa shida wanahitaji siku za kula chavua kabla ya kutaga. Mahali pasipo na ua lolote hizo siku hurefuka. Kila wiki anayopoteza nzi ni kizazi kimoja kwa kidukari.

Tunachokifanya wakati huo huo kinastaajabisha ukikipanga kwa tarehe. Agosti na mwanzo wa Septemba ndio wakati wa kutayarisha mashamba: kuchoma majani makavu, kufyeka mipaka, na kuitisha salongo, yaani kazi ya pamoja, ya kuzibua mifereji kabla ya maji ya saizoni kuhitajika. Kila kazi ina sababu yake. Mfereji uliojaa majani hauleti maji, na mpaka uliofungwa na pori ni maficho ya panya na nyoka. Lakini kingo za mifereji ndizo sehemu pekee zenye unyevu wa kuchanua mwezi huo, nazo husafishwa zote kwa siku moja, pande zote mbili, mpaka kwenye udongo. Mshahara wa miezi mitatu ya nzi huondoka kwa asubuhi moja ya panga.

Kisha dawa. Tangu kiwavijeshi vamizi kutoka Amerika alipotambuliwa barani Afrika mwaka 2016 na kuenea kwa kasi, pompi ya kunyunyizia imekuwa kifaa cha kawaida hata kwa mwenye shamba dogo la mahindi. Mkulima ananyunyiza asubuhi kwa sababu ni baridi na upepo umetulia. Saa hizo hizo ndizo mbelewele inamwaga chavua, mpunga unafunguka, ua la boga liko wazi, na nzi wa maua wanakula kabla jua halijawasukuma kivulini. Dawa za jamii ya pairethroidi huwaua kwa kugusa bila kuchagua. Aliyenunua chupa ili kumwua kiwavi hulipia pia kifo cha mla vidukari, halafu baada ya wiki mbili atanunua chupa ya vidukari. Kunyunyiza jioni, na kulenga bomba la majani machanga ambamo kiwavi amejificha badala ya mbelewele, hakuongezi hata faranga moja kwenye bei ya dawa. Utupa, ambao wengi Kivu wanaujua kama sumu ya samaki, umejaribiwa kaskazini mwa Tanzania pamoja na mimea mingine ya dawa kwenye maharagwe. Ulipunguza vidukari bila kuwafyeka wadudu wenye faida kama dawa ya dukani. Anayeutumia akumbuke mfereji: sumu ya samaki ni sumu ya samaki.

Huko huko Tanzania, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Prisila Mkenda na wenzake kutoka Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha na washirika wao wa Uingereza walichunguza mipaka ya mashamba ya maharagwe, na mwaka 2019 wakaonyesha kwamba mimea ya mipakani huhifadhi wadudu wengi wanaokula au kuua waharibifu. Walipowauliza wakulima, wengi hawakuwatambua wadudu hao kuwa rafiki. Kwa maoni yangu hayo ya pili ndiyo yenye uzito kuliko ya kwanza. Mlima Kilimanjaro si bonde la Ruzizi: kule kuna mvua nyingi zaidi, mipaka ya kudumu, na mashamba yasiyohamishwa na vita. Huku familia imewahi kuacha mazao shambani na kukimbia zaidi ya mara moja, na shauri lolote linalomtaka mtu asubiri misimu mitatu aone faida halimfai. Lakini kumfahamu buu asiye na miguu hakuhitaji msimu. Mtoto wa shule atajifunza kwa asubuhi moja.

Haki inataka niseme pia yanayopinga. Majani ya ukingoni hulea vidukari na virusi pamoja na nzi, na mkulima wa karanga anayechukia jani lililo karibu na shamba lake hajakosea kabisa. Ndago ikiachwa ichanue kwa ajili ya chavua itaingia jarubani na kula mbolea ya mpunga. Tena si kila chavua huishia kwenye tumbo tunalolitaka. Mwaka 2015 wataalamu walitangaza kwamba nzi wa maua mwenye asili ya Amerika, Toxomerus floralis, amekwisha kuenea Afrika, na mabuu wake hula chavua badala ya vidukari. Ndugu yake Toxomerus politus huko Amerika hulelewa na mbelewele ya mahindi. Wako pia vidukari ambao nzi wa maua hawafui dafu mbele yao. Kidukari wa migomba, mwenezaji wa ugonjwa wa kichaka kileleni uliojulikana bonde la Ruzizi tangu miaka ya 1980, hujificha ndani ya maganda ya shina, mara nyingi akilindwa na sisimizi. Tena kwa ugonjwa wa virusi wachache tu wanatosha kuambukiza, hata kama wengine wote wameliwa. Anayemwambia mwenye migomba kwamba nzi watamwokoa anamdanganya. Hapo dawa ni kung'oa shina lililougua na kupanda mche safi.

Kwa hiyo sidai bonde ligeuzwe bustani. Ninachotetea ni kidogo na kina tarehe: chavua iwepo mahali fulani kati ya Juni na Septemba. Mbegu chache za boga au alizeti zikisiwa pembeni mwa mpunga wa saizoni C zitatoa chakula cha mtu na cha nzi kwa pamoja. Mistari miwili ya lengalenga ikiachwa kutoa mbegu itamwokoa mkulima na gharama ya kununua mbegu Septemba. Mwembe usikatwe kwa ajili ya makaa. Kishona nguo kiachwe ukingoni na king'olewe jarubani.

Gumu zaidi ni mfereji, kwa kuwa ukingo wake si wa mtu mmoja. Shamba mtu analilima atakavyo. Ukingo huamuliwa siku ya salongo, na anayeamua ni mwenye haja ya maji kuliko wote. Pendekezo linalowezekana ni kusafisha ukingo mmoja Agosti na wa pili baada ya mvua za kwanza, maharagwe yakiwa yameshaota na maua mengine yameanza kufunguka. Sakafu ya mfereji izibuliwe yote kama kawaida. Maji yatapita. Ila salongo moja inakuwa mbili, na siku ya pili itaangukia wiki ya kupanda, ambamo kila nyumba inahitaji kila mkono wake. Wanawake ndio wanaobeba sehemu kubwa ya kazi hiyo, na kwao siku moja ya Oktoba si kitu cha kuombwa bure. Anayetaka nzi wa maua Luberizi aanze kwa kujibu nani atailipa siku hiyo, na kwa nini.